Ugonjwa Unaotoweka Kabla ya Kupimwa

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba kazi ya kuutambua ugonjwa ni ya daktari peke yake, na kwamba mgonjwa hana la kufanya ila kuketi kwenye benchi, kutoa damu anapoambiwa, na kungoja aitwe jina lake. Kwa maradhi mengi fikira hiyo haina madhara makubwa. Malaria huonekana leo chini ya hadubini, na kesho kutwa, kama haijatibiwa, itaonekana tena. Kisukari hakitoroki. Lakini yako maradhi ambayo ushahidi wake hukaa katika damu kwa saa chache tu, kisha ukaondoka usirudi mpaka shambulio jingine. Kwa maradhi ya namna hiyo, mgonjwa na watu wa nyumbani kwake wasipojua la kufanya, daktari hodari kuliko wote atabaki kukisia. Mimi nimeishi na ugonjwa wa aina hiyo tangu mwaka 2015, na ilipita miaka sita kabla ya kutajiwa jina lake sawasawa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Usambara. Njia ya kwenda shuleni kwetu ni ya kupanda, na huko ndiko mambo yalikoanzia. Asubuhi moja nilipofika katikati ya mlima, viganja na nyayo zilianza kuwasha, kisha uso ukapata joto kama la mtu aliyeinamia chungu kinachochemka. Tumbo likasokota. Moyo ukaenda mbio, macho yakaingia giza, na nilipozinduka nilikuwa nimelala kando ya njia, wanafunzi wamenizunguka, mmoja wao akinipepea kwa daftari. Baada ya saa moja na nusu nilikuwa mzima kabisa, nimesimama darasani nafundisha sehemu.

Tangu siku hiyo mashambulio yalikuja yalivyopenda. Pengine miezi miwili ilipita salama, pengine yalinijia mara tatu katika juma moja: baada ya kuoga maji ya moto wakati wa baridi ya Julai, baada ya kuumwa na nyuki, baada ya kusimama juani siku ya michezo, na mara nyingine bila sababu yoyote niliyoiona. Kutoka kwetu hadi hospitali ni mwendo. Kila nilipofika, shinikizo la damu lilikuwa limerudi mahali pake, ngozi imetulia, nami nimeketi mbele ya daktari kama mtu aliyekuja kumsimulia ndoto.

Majina niliyopewa yalikuwa mengi. Wa kwanza aliniambia nina malaria, na kwa kuwa siku zile nilikuwa na homa kidogo sikubisha. Wa pili alisikia habari za tumbo kusokota, akasema ni vidonda vya tumbo. Wa tatu alisikia kwamba nilianguka na kupoteza fahamu, akaniandikia dawa za kifafa, nikazimeza kwa miezi saba huku nikisinzia mbele ya watoto wa watu. Wa nne alitazama umri wangu, miaka arobaini na mmoja, akasema hayo ni mambo ya mwanamke anayekaribia kukoma hedhi. Wa tano alikuwa mpole kuliko wote. Aliniuliza kama nina amani nyumbani, na niliposema ninayo, alinitazama kwa huruma ya mtu asiyesadiki. Sikumwona hata mmoja wao kuwa mjinga, wala leo simwoni hivyo. Kila mmoja alisikia kipande kimoja cha habari akakitibu hicho. Hakuna aliyeuliza kama ngozi, tumbo, moyo na kichwa vilikuwa vikishikwa kwa pamoja, katika saa ile ile, na hilo ndilo lililokuwa swali.

Nyumbani nako kulikuwa na jina. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alishikilia kwamba nimeingiwa na pepo, maana, alisema, ugonjwa wa hospitali haumwachi mtu akawa mzima baada ya saa mbili. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ilikuwa hoja ile ile ya daktari wa tano, ila yeye aliifukizia ubani. Shuleni mambo yalikuwa mazito zaidi. Siku nilizokosa kazini zilikuwa zimehesabiwa, na barua ya kunitaka nijieleze ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Nitajieleza kwa nini, ilhali kila cheti nilichokuwa nacho kilitaja ugonjwa mwingine?

Kuna jambo moja ambalo ningependa wasomaji, na hasa vijana wanaosomea uganga, walizingatie. Vitabu vya udaktari vinasema kwamba mgonjwa wa aina yangu huiva uso ukawa mwekundu. Vitabu hivyo viliandikwa na watu waliokuwa wakiwatazama wagonjwa weupe. Katika ngozi kama yangu wekundu hauonekani kwa urahisi. Kinachoonekana, kama kinaonekana, ni weusi kuzidi kidogo, na joto ambalo hulijui mpaka uweke mkono. Mara mbili niliulizwa, “Uso huwa mwekundu?” Nikajibu hapana, maana ndiyo kweli yenyewe, na daktari akaandika hapana. Angeuliza kama uso hupata joto la ghafula na ngozi ikawasha, angeandika mengine.

Mwaka 2020 mgongo ulinisumbua baada ya kulima. Katika zahanati moja nilichomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo maelfu ya watu huitumia bila kudhurika. Haikupita hata dakika kumi viganja vikawasha. Nilijua kinachokuja, lakini safari hii kilikuja kwa kishindo: pumzi ikatoka kwa mluzi, ulimi ukawa mzito, ukuta ukaanza kuzunguka. Bahati yangu ni kwamba muuguzi wa zamu alikuwa mtu wa haraka. Hakukimbilia vidonge. Alinilaza chali, akainua miguu yangu juu ya kiti, akanichoma adrenalini kwenye paja kwa upande wa nje, ndipo akamwita mkubwa wake. Baadaye nilielezwa kwamba alifanya hasa lililotakiwa. Hali ile madaktari huiita anafilaksisi, na adrenalini ndiyo dawa yake ya kwanza. Dawa za kutuliza mzio, ambao wengi huuita aleji, huja nyuma yake. Na mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu limeshuka namna ile, ukimsimamisha ghafula unaweza kumuua.

Nilipopata nguvu za kusema, muuguzi aliniuliza, “Mama, hii ni mara ya kwanza?”

Nikamwambia kwa ukubwa ule ni ya kwanza, lakini kwa namna yake ni ya ishirini na kitu. Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua karatasi akaandika barua kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani mjini, akaeleza kila alichokiona kwa macho yake na saa alipokiona. Katika miaka mitano hiyo ilikuwa karatasi ya kwanza iliyoandikwa na mtu aliyekuwapo.

Daktari yule alinihoji muda wa saa nzima. Aliuliza mambo ambayo sikutarajia: kama kuwasha hutangulia tumbo au hufuata, kama pilipili au pombe huniamshia hali hiyo, kama aspirini imewahi kunidhuru, kama kuna mtu wa ukoo aliyekufa kwa kuumwa na nyuki. Alinikagua ngozi kuanzia shingo hadi miguu akitafuta madoa fulani ya rangi ya kahawia, asiyaone. Mwishoni nikamuuliza ugonjwa wangu ni nini. Alisema anaushuku mmoja, lakini hatauandika katika jalada langu mpaka apate ushahidi. “Maana, Mwalimu,” alisema, “nikikuandikia jina hili bila ushahidi, nitakuwa wa sita.”

Ugonjwa alioushuku unahusu chembe hai za mwili ziitwazo seli za masti. Zina historia yake. Mwaka 1878 kijana mmoja wa Kijerumani aitwaye Paul Ehrlich, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi, alikuwa akizitia rangi nyama za mwili na kuzitazama kwa hadubini, akaona chembe zilizojaa punje ndani yake. Alidhani ni chembe zilizoshiba, akaziita kwa neno la kwao lenye maana ya kunenepesha. Hazikuwa zimeshiba. Zile punje ni ghala la kemikali zilizotengenezwa na seli zenyewe, mojawapo ikiwa histamini, na nyingine ikiwa kimeng’enya kiitwacho triptesi. Seli hizi hukaa mahali ambapo mwili hukutana na ulimwengu: chini ya ngozi, katika utumbo, katika njia za pumzi, na kandokando ya mishipa ya damu. Ni walinzi. Minyoo ikiingia au mdudu akiuma, hufungua maghala yao, mishipa ikapanuka, majimaji yakavuja, mahali pakavimba na kuwasha, na askari wengine wa mwili wakaitwa.

Kwa mtu mwenye mzio wa kawaida, walinzi hawa humkosea mtu mwema wakadhani ni mwizi. Karanga, samaki au dawa huingia, nao hupiga king’ora. Kwa mtu kama mimi hupiga king’ora kwa sababu ndogo mno, au pasipo sababu inayoonekana, na mwili mzima ukaitikia kwa pamoja. Ndiyo maana ngozi, tumbo, moyo na pumzi hushikwa mara moja. Kwa Kiswahili sijaona jina lililokubaliwa na wote. Mimi huiita hali ya kuchachamaa kwa seli za masti, na daktari wangu hakulikataa jina hilo.

Chembe hizi zimejulikana kwa zaidi ya miaka 140, lakini ugonjwa huu ni mpya katika vitabu. Kufuatia mkutano uliofanyika Vienna mwaka 2010, wataalamu wa Ulaya na Marekani walichapisha mwaka 2012 masharti ya kuutambua, na Marekani iliuingiza katika orodha yake rasmi ya maradhi mwaka 2016. Masharti yenyewe ni matatu na yote yatimie. Kwanza, dalili zije kwa mashambulio, zikishika angalau mifumo miwili ya mwili kwa wakati mmoja. Pili, ushahidi wa kemikali, hasa triptesi, uonekane katika damu wakati wa shambulio. Tatu, mgonjwa apate nafuu ya kweli anapotumia dawa za kuzuia kemikali hizo au kuzituliza seli zenyewe.

Sharti la pili ndilo lililotutoa jasho. Histamini hutoweka katika damu kwa dakika chache tu. Triptesi hukaa zaidi, lakini nayo hupanda juu kabisa saa moja au mbili baada ya shambulio kuanza, kisha hushuka, na damu ikichukuliwa baada ya saa nne huenda isiseme lolote. Tena damu moja haitoshi. Inatakiwa ya pili, itolewe siku ya utulivu, angalau saa 24 baada ya dalili zote kwisha, ili ijulikane kiwango cha kawaida cha mtu huyo. Daktari aliniandikia barua ya maabara, akapiga mhuri, akaniambia niitembeze kama kitambulisho. Tuliitia katika mfuko wa nailoni, ikakaa kwenye mkoba wangu miezi mitatu bila shambulio hata moja. Kwa mara ya kwanza maishani nikawa mtu anayengoja kuugua.

Shambulio lilikuja Jumamosi usiku. Tulifika hospitali mapema, tukafurahi. Kijana wa mapokezi ya maabara alisoma barua, akaigeuza nyuma kama anayetafuta kitu, akasema kipimo hicho hakimo katika orodha yake, turudi Jumatatu. Kufika Jumatatu damu yangu ilikuwa kama ya mtu yeyote. Baba watoto, ambaye si mtu wa maneno mengi, alirudi Jumatatu kweli, peke yake, akaketi na mkuu wa maabara mpaka wakapatana: nikiletwa saa yoyote, damu itolewe, maji yake yatenganishwe na chembe nyekundu, yagandishwe kwenye jokofu, na juu ya chupa iandikwe saa shambulio lilipoanza na saa damu ilipotolewa. Kipimo chenyewe hakikufanyika pale; chupa ilipaswa kwenda Dar es Salaam na kutoka huko kupelekwa nje ya nchi. Gharama yake ilitula mbuzi wawili, na sikuwahi kumsikia akiwataja tena.

Tarehe 9 Februari, 2021, saa mbili kasoro robo asubuhi, viganja viliwasha. Binti yangu mkubwa alitazama saa ukutani akaiandika mkononi mwake kwa kalamu. Jirani yetu alikuwa anapakia kabichi za mnadani. Alizishusha nusu, nikalazwa nyuma ya gari kati ya magunia, miguu juu. Damu ilitolewa saa tatu na dakika ishirini. Majuma matatu baadaye, siku ambayo sikuwa na dalili yoyote, nilienda kutoa ya pili kwa miguu yangu.

Majibu hayakuja pamoja. La kwanza lilifika mwezi wa Machi: triptesi nanogramu 9.7 kwa mililita. Pembeni yake maabara ilikuwa imechapa kwamba kiwango cha juu cha kawaida ni 11.4, na chini kabisa, kwa herufi kubwa, neno KAWAIDA. Siwezi kueleza uzito wa neno lile. Shemeji yangu mmoja alisema sasa yamekwisha, hakuna ugonjwa, tuache kupoteza fedha. Shuleni habari ilifika kabla yangu. Hata mimi nilikaa usiku mmoja nikijiuliza kama daktari wa tano alikuwa ameona kitu ambacho mimi mwenyewe sikioni.

Daktari aliposomewa jibu kwa simu alisema neno moja tu: “Tungoje.” Jibu la pili lilikuja baada ya majuma mengine mawili, nalo lilikuwa 4.0. Alituita. Alichukua karatasi akaandika hesabu mbele yetu, nami kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu niliifanya upya kwa kalamu yangu. Chukua kiwango cha siku ya utulivu, ongeza asilimia 20 yake, kisha ongeza 2. Kwangu mimi: 4.0 na 0.8 ni 4.8, ukiongeza 2 unapata 6.8. Jibu la siku ya shambulio likizidi hapo, seli za masti zimefungua maghala yao kweli. La kwangu lilikuwa 9.7. Namba iliyokuwa ya kawaida kwa watu wote kwa jumla haikuwa ya kawaida kwangu, na karatasi ya maabara haikuwa na njia ya kulijua hilo, maana ilinijua kwa siku moja tu. Zishike namba hizi, msomaji, kama una mtu nyumbani mwenye dalili kama zangu. Wapo watakaoambiwa KAWAIDA wakarudi nyumbani na ugonjwa wao.

Hata hapo hakuandika jina. Alinipa setirizini na famotidini, dawa mbili zinazoziba njia za histamini, moja kwa upande wa ngozi na mishipa, nyingine kwa upande wa tumbo, nizitumie kila siku kwa miezi minne, na binti yangu aandike kila shambulio katika daftari. Katika miezi minne iliyotangulia tulikuwa tumehesabu mashambulio kumi na moja. Katika ile ya dawa yalikuwa mawili, na yote mawili madogo. Wakati huo huo alikuwa akifunga milango mingine mmoja mmoja. Alipima tezi ya shingo. Alipima mkojo wa saa 24 kutafuta uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo, ambao nao hurusha moyo na kumtoa mtu jasho. Aliangalia kama nina mastositosisi, ugonjwa ambao seli za masti huzaliana kupita kiasi, mara nyingi kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo KIT. Kiwango changu cha 4.0 kilikuwa kidogo, ngozi haikuwa na madoa, na damu yangu nyingine ilikuwa sawa. Alinieleza pia kwamba mwaka 2016 iligunduliwa kwamba watu wengine hurithi nakala za ziada za jeni ya triptesi, wakawa na kiwango cha juu siku zote bila shambulio lolote. Mimi sikuwa na dalili ya hilo. Milango yote ilipofungwa ndipo akafungua jalada langu na kuandika jina, na mbele yake akaongeza kwamba chanzo chake hakikupatikana.

Barua ya kujieleza kazini niliijibu kwa nakala ya ukurasa huo.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu ya upande wake wa pili, ambao siku hizi unaniudhi kuliko wa kwanza. Jina hili limeanza kupendwa. Kuna kundi la madaktari, hasa wa Marekani na Ujerumani, waliochapisha masharti mapana zaidi mwaka 2011 na tena mwaka 2020, ambayo kwayo kupanda kwa triptesi ni njia mojawapo tu kati ya nyingi, na dalili zinazohesabiwa ni pamoja na uchovu, maumivu ya viungo na nyingine zisizo na idadi. Wamekadiria hata kwamba hali hii inaweza kuwagusa hadi asilimia 17 ya watu wa Ujerumani. Wana nia njema, wanawahurumia wagonjwa waliofukuzwa kila mlango, na mimi nilikuwa mmoja wa hao. Lakini jina linaloweza kumfaa kila mtu halimsaidii mtu. Binti wa shemeji yangu, baada ya kusikia habari zangu, alisadiki kwamba naye ana ugonjwa huu: moyo ulimwenda mbio, alitoa jasho, alikonda, na tumbo lilimwendesha. Alianza kutumia setirizini kutoka duka la dawa na akasema anapata nafuu kidogo. Dalili zake hazikuja kwa mashambulio, zilikuwapo kutwa kucha. Nilimshika mkono nikampeleka kwa daktari yule yule, na haikuchukua siku nne kujulikana kwamba tezi yake ya shingo ilikuwa ikifanya kazi kupita kiasi. Angeendelea na jina langu mwaka mzima, moyo wake ungelipa.

Najua wapo watakaouliza: na aliye mbali na maabara, asiye na mbuzi wa kuuza, je? Swali hilo ni la haki, wala silijibu kwa maneno matamu. Yapo yasiyohitaji fedha. Kuandika saa dalili zinapoanza na zinapokwisha hakuhitaji fedha, wala kuandika kilichotangulia, chakula, dawa, jua, mdudu. Picha ya ngozi iliyochukuliwa kwa simu ya mkononi wakati vipele vipo ina thamani kuliko maneno mia ya baadaye, hasa kwa ngozi zetu. Kumwomba muuguzi wa zahanati ya karibu apime shinikizo la damu saa ile ile na kuliandika kwenye cheti kunawezekana kijijini. Dawa zile mbili si za gharama kubwa, na daktari anaweza kuzijaribu, mradi asiichukue nafuu peke yake kuwa ushahidi, maana setirizini hutuliza kuwasha kwa namna nyingi. Na adrenalini ni dawa ya zamani na ya bei ndogo. Zahanati ikiikosa, wananchi wanayo haki ya kuuliza katika mkutano wa kijiji kwa nini haipo.

Sasa nabeba kadi ndogo niliyoiandika kwa mkono wangu na daktari akaitia saini. Ina jina la ugonjwa, namba zile mbili pamoja na tarehe zake, dawa nisizopaswa kupewa, na mahali pa kuchoma adrenalini. Mwezi uliopita jino liliniuma, nikaenda kuling’oa. Kabla sijakaa kwenye kiti niliiweka kadi juu ya meza. Daktari wa meno, kijana ambaye sijapata kumwona, aliisoma mara mbili, akauliza shambulio la mwisho lilikuwa lini, akafuta diklofenaki aliyokuwa ameiandika kwenye cheti changu akaweka parasetamoli, kisha akamtuma msaidizi wake alete chupa ya adrenalini na bomba la sindano aviweke juu ya sinia, karibu na koleo. Jino lilitoka saa nne na robo. Chupa ilirudishwa kabatini haijafunguliwa, nami nikapanda mlima kwenda kufundisha kipindi cha mwisho.